Kidonge na mitishamba
Mwaka 2009 homa ya mafua aina ya H1N1 ilipoenea, madaktari wa China waliwagawa wagonjwa 410 katika makundi manne. Kundi moja lilipewa dawa ya oseltamivir, la pili mitishamba ya jadi, la tatu vyote viwili, la nne halikupewa dawa hizo. Kwa wastani joto la mwili lilishuka baada ya saa 20, 16, 15 na 26. Kuchanganya kuliipita mitishamba kwa saa moja tu! Tena mitishamba hiyo ina efedra, ambayo hupandisha shinikizo la damu. Unayechanganya dawa nyumbani, mwambie daktari wako. Mficha uchi hazai.