Juu ya Kuchagua Mashine ya Rola ya Kukatia Majani Mahali pa Majimaji



Wahenga walinena, "Mchagua jembe si mkulima." Neno hilo ni kweli kwa jembe, lakini si kweli kwa mashine ya kukatia majani. Mashine hii hununuliwa kwa fedha nyingi, aghalabu fedha ya shule nzima, na ikichaguliwa vibaya yaweza kuharibu kwa asubuhi moja ya masika uwanja uliotunzwa miaka mingi. Kwa hiyo nataka kuwaeleza jinsi ya kuichagua mahali penye mvua nyingi.

Asili yake ni Uingereza, nchi ambayo mvua yaweza kunyesha mwezi wo wote. Mwaka 1830 Edwin Budding, mtu wa Gloucestershire, alipewa hati ya kulinda uvumbuzi wake. Katika viwanda vya nguo vya huko ilikuwako mashine ya kupunguza manyoya ya kitambaa cha sufu, naye akafikiri kwamba majani nayo yaweza kukatwa vivyo hivyo. Mashine yake ilikwenda juu ya rola, yaani gogo la chuma la mviringo, na rola hiyo ndiyo iliyozungusha visu. Baadaye zikatengenezwa mashine kubwa za kukokotwa na farasi, na farasi hao walivikwa viatu vya ngozi ili kwato zao zisitoboe ardhi. Basi tangu zamani watu wa kazi hii walijua kwamba adui wa uwanja uliolowa ni uzito.

Kwanza, tazameni visu. Ziko namna mbili. Namna ya Budding ina visu vilivyozungushwa juu ya silinda, navyo hukata kama mkasi juu ya kisu kilichotulia chini. Hukata vizuri sana majani mafupi, makavu, mahali palipo sawa. Lakini majani marefu yaliyolowa hulala chini yake, au hujisokota na kuizuia. Namna ya pili ina kisu kimoja kinachozunguka kwa kasi chini ya kifuniko, mfano wa panga lililolazwa. Upepo wake huyainua majani kabla ya kuyakata. Kwa uwanja wa mpira wakati wa mvua, chagueni hii ya pili, yenye rola nyuma badala ya magurudumu.

Kwa nini rola? Wanafunzi, shikeni kalamu. Tuseme mashine hulaza kilo 40 upande wa nyuma. Ikiwa ina magurudumu mawili, kila moja lenye upana wa sentimita 5, uzito huo wachukuliwa na upana wa sentimita 10 tu. Rola ya sentimita 50 huutandaza juu ya upana mara tano zaidi. Ndiyo sababu magurudumu huacha mifereji katika tope, na rola hupita bila kuchimba.

Pili, ulizeni kama rola imekatwa vipande viwili. Rola ya kipande kimoja ikigeuzwa huburura ardhi na kung'oa mizizi. Iliyogawanyika hugeuka kwa upole, kwa kuwa kipande cha nje chaweza kuzunguka upesi kuliko cha ndani.

Tatu, tazameni uso wa rola. Chuma kitupu huteleza penye mteremko. Kilichovikwa mpira hushika zaidi. Tena pawepo kipande cha kukwangua matope, maana tope likigandamana juu ya rola, mashine huinuka upande mmoja na kukata vibaya.

Nne, kifuniko kiwe kirefu kwenda juu, na injini iwe na nguvu ya kutosha, kwa sababu majani yaliyolowa ni mazito na hushikamana. Mashine ya umeme wa waya isitumike kabisa penye maji. Yaweza kumwua mtu. Ile ya betri isitumike ila kitabu cha mtengenezaji kikiruhusu.

Lakini msidhani kwamba mashine nzito ndiyo bora. Ardhi iliyoshiba maji ikikandamizwa, hewa iliyo ndani hutoka, mizizi hukosa pumzi, na maji husimama juu. Kabla ya kuanza, kanyageni kwa kisigino. Maji yakitokea kandokando ya kiatu, rudisheni mashine ghalani mkangoje. Hapana rola iwezayo kuishinda ardhi ya namna hiyo.

Ardhi ikiwa imara, inueni kisu juu, wala msikate zaidi ya theluthi moja ya urefu wa majani. Kisu kiwe kikali, maana kisu butu hupasua majani. Na majani yakiziba chini ya kifuniko, zimeni injini, ngojeni kisu kitulie, ondoeni waya wa plagi, ndipo msafishe; tena kwa kijiti, si kwa mkono. Vidole vikikatika havioti tena kama majani.

Mwenye kutunza fedha za shule atashawishiwa na bei ndogo. Na akumbuke kwamba rahisi huvunja upishi. Aulize kwanza kama vyuma vya akiba vyapatikana karibu, ndipo aulize bei.

Kwaherini.