Kwenda Kongamanoni na Swali la Mgodini: Mtengeneza Gemu wa Kanda ya Dhahabu na Kongamano la Michoro ya Kompyuta

Mada kwa semina ya vijana watengeneza gemu na wanafunzi wa kompyuta, Kahama



1. Utangulizi

Mchimbaji mdogo wa Nyarugusu, Geita, anaposhuka duarani, yaani kwenye shimo la kuchimbia dhahabu, huusoma mwamba kwa macho, kwa nyundo na kwa uzoefu. Mjiolojia wa mgodi mkubwa, kama ule wa Geita ulioanza uzalishaji mwaka 2000 au Bulyanhulu ulioanza 2001, hutoboa matundu marefu ardhini na kuchukua sampuli, kisha kompyuta humchorea umbo la mwamba wenye dhahabu uliolala kati ya tundu na tundu. Umbo hilo zima hakuna aliyewahi kuliona. Limejengwa kwa hesabu kutokana na nukta chache zilizopimwa.

Njia mojawapo ya hesabu hizo iliwasilishwa Los Angeles mwaka 2001, kwenye kongamano la michoro ya kompyuta ambalo wengi wetu tunalijua kwa filamu za katuni na gemu: SIGGRAPH. Hoja yangu leo ni kwamba mtengeneza gemu wa Shinyanga na Geita ana sababu ya kwenda kongamanoni huko, mradi aende na swali lililotoka kwenye ardhi yake.

2. Kongamano lenyewe

SIGGRAPH ilifanyika mara ya kwanza mwaka 1974 mjini Boulder, Marekani. Mwaka 2008 likaanza kongamano dada la Asia, huko Singapore. Afrika nayo ilikuwa na AFRIGRAPH, lililoanzia Cape Town mwaka 2001 na kukutana mara kadhaa katika muongo ule, kila mara Afrika Kusini.

Watafiti huwasilisha mada zao, studio huonyesha kazi, na wenye shauku moja hukaa kikao chao pembeni. Kwetu watu wa gemu, chakula kikuu ni kozi ya uchoraji wa papo kwa papo iliyoanzishwa na Natalya Tatarchuk mwaka 2006. Humo wahandisi hueleza namna gemu zao zinavyochora mwanga, ukungu na maji. Gemu inayochora picha 60 kwa sekunde ina takriban milisekunde 16.7 tu kwa kila picha, na kila mbinu hupimwa kwa kipimo hicho. Mengi tunayoyatumia bila kujua asili yake yalitangazwa SIGGRAPH. Mwaka 1985 Ken Perlin alionyesha namna ya kuzalisha kwa hesabu madoa na mishipa ya jiwe kama marumaru. Hadi leo, mawe mengi ya gemu yanatumia wazo lake.

Mara ya kwanza nilipohudhuria sikuwa na swali. Niliingia kila ukumbi na kurudi na daftari lililojaa majina ya mbinu. Hakuna hata moja iliyoingia kwenye kazi yangu, kwa kuwa hakukuwa na tatizo lililokuwa likiisubiri.

3. Kutoka fuvu la kichwa hadi mwamba wa dhahabu

Tazameni ile mada ya 2001. Jonathan Carr, Richard Beatson na wenzao wa New Zealand walikuwa wamechapisha mwaka 1997 njia ya kukadiria umbo la mfupa uliokosekana kwenye fuvu la mgonjwa, ili atengenezewe kipande cha kuziba pengo. Kwenye SIGGRAPH walionyesha kwamba hesabu ya aina hiyo hiyo hugeuza nukta nyingi za kifaa cha leza, zenye mapengo, kuwa umbo moja lililokamilika. Kisha likaja swali la migodini: kama nukta ni sampuli za matundu ya kutoboa, je, umbo haliwezi kuwa mwamba wenye dhahabu? Kutokana na kazi hiyo ilizaliwa programu ya Leapfrog, ambayo leo inatumiwa na wajiolojia wa nchi nyingi.

Elimu imewahi pia kutoka mgodini kwenda vyuoni. Mwaka 1951 Danie Krige, mhandisi wa migodi ya dhahabu ya Witwatersrand, alichapisha njia ya kukadiria kiwango cha dhahabu mahali ambapo hapajachimbwa. Mfaransa Georges Matheron aliiendeleza, akaipa jina la Krige. Swali lilikuwa la dhahabu ya Afrika, na jibu likawa la dunia nzima.

4. Swali letu

Mwaka 2015, Nyangalata wilayani Kahama, wachimbaji watano walitolewa wakiwa hai baada ya siku 41 chini ya kifusi. Kila mmoja wetu hapa ana ndugu au jirani anayeshuka duarani. Napendekeza swali letu la kwanza liwe hili: tutachoraje giza la duara kwenye simu ya bei nafuu, ili mchimbaji ajifunze usalama kabla hajashuka?

Hilo ni swali la kitaalamu hasa. Tochi moja ya kichwani, vumbi linalotawanya mwanga, maji yanayotiririka ukutani na matimba yanayoshikilia mwamba ni mambo ambayo kuyachora huila chaji ya simu na kuitia joto. Juu ya duara nako, zebaki ya kukamatia dhahabu inapochomwa, mvuke wake hauonekani kwa macho. Mchoro unaweza kuuonyesha ukiingia puani mwa mchomaji na mwa mtoto aliyeketi karibu. Na duara lililopimwa kwa futi na picha za simu lina nukta zenye mapengo, sawasawa na lile fuvu.

Gemu ya Kiswahili yenye lengo si ndoto. Katika shindano la Global Learning XPRIZE, watoto karibu 3,000 wa vijiji vya Tanga walijifunza kusoma, kuandika na kuhesabu kwa programu za kwenye tableti. Mwaka 2019 washindi wawili, Kitkit School na onebillion, waligawana zawadi kuu.

5. Mapendekezo

(a) Tuanzie nyumbani. Slaidi za ile kozi ya uchoraji ziko wazi bila malipo, na watafiti wengi huweka mada zao kwenye tovuti zao. Kikundi kisome mada moja kwa mwezi na kuijaribu.

(b) Wanafunzi waombe nafasi ya kujitolea: hufanya kazi kongamanoni na kupata kiingilio.

(c) Tupeleke bango la utafiti lenye swali letu na jaribio letu, hata kama halijakamilika.

(d) Anayekwenda abebe simu ile ile inayouzwa hapa Kahama, na kila mbinu aiulizie kwa simu hiyo.

(e) Akirudi, alete taarifa kwa kikundi ndani ya mwezi mmoja, na kazi ionyeshwe kwenye maonesho ya teknolojia ya madini ya Geita, mbele ya wachimbaji wenyewe.

6. Hitimisho

Nauli ya safari hii ni kubwa, na viza haina uhakika. Kwa hiyo tuipime safari yenyewe kwa faida yake hapa. Mimi nitahesabu kwamba tumefika kongamanoni siku mchimbaji wa Rwamgasa atakapocheza gemu yetu usiku, kisha asubuhi, akiwa mdomoni mwa duara, aone timba lililopinda na kuwazuia wenzake wasishuke.