Kuchagua Swichi ya Maabara ya Nyumbani



Nimeombwa nieleze jambo moja litakalowafaa wanaojifunza kazi ya mitandao ya kompyuta. Nitaanza na kosa langu mwenyewe. Miaka michache iliyopita niliunganisha kompyuta yangu ya majaribio kwenye mtandao wa ofisi. Ndani yake mlikuwamo seva pepe ya kugawa anwani, nami nilisahau kuizima. Kesho yake asubuhi, mashine za wenzangu zilipowashwa, nyingi zikapewa anwani zisizo sahihi. Kwa muda wa saa tatu madirisha ya huduma yalisimama, na wananchi waliotoka mbali wakakaa kwenye mabenchi wakingoja. Mzee mmoja alirudi kwao bila karatasi aliyoifuata. Sijamsahau.

Tangu siku hiyo majaribio yangu nayafanya nyumbani. Lakini nyumbani nako kuna watu, nao hawapendi mtandao wao uvurugwe. Ndipo nilipohitaji swichi yenye usimamizi, inayoweza kugawa mtandao mmoja kuwa mitandao kadhaa iliyotengana, yaani VLAN.

Tuliolala bwenini tutaelewa upesi. Lori lililoleta masanduku yetu ya bati kutoka stesheni lilikuwa moja tu, lakini kila sanduku liliandikwa jina la bweni lake. VLAN nazo ni hivyo hivyo. Kwa kanuni ya IEEE 802.1Q, iliyotolewa mwaka 1998, fremu ya data hutiwa lebo ya baiti 4, na ndani yake mna namba ya mtandao wake, kati ya 1 na 4094. Kwa hiyo waya mmoja kutoka kwenye kompyuta yenye Proxmox, kwa mfano, waweza kubeba mitandao yote, na swichi ikapeleka kila fremu mahali pake. Swichi isiyo na usimamizi, hata ikizipitisha lebo hizo, haitengi kitu.

Basi, katika kuchagua, tazameni mambo manne.

Kwanza, hakikisheni kwamba inafuata 802.1Q. Inayotenga matundu tu bila kusoma lebo haitoshi.

Pili, usalama wa usimamizi. Baadhi ya swichi za bei nafuu huruhusu ukurasa wa usimamizi ufunguliwe kutoka VLAN yoyote. Kuta zafaa nini iwapo ufunguo umeachwa mlangoni? Chagueni inayokubali usimamizi ufungiwe kwenye VLAN moja, na ambayo mtengenezaji wake bado anatoa masahihisho ya programu.

Tatu, ukubwa. Matundu 8 ya gigabiti 1 yanamtosha mwanafunzi. Swichi kuukuu ya ofisini yenye matundu 48 yaweza kuuzwa rahisi, lakini feni zake hupiga kelele usiku kucha, na umeme wa luku huisha upesi.

Nne, msilipie kazi msiyoihitaji. Kupitisha data kati ya VLAN moja na nyingine ni kazi ya ruta, na ruta pepe kama OPNsense yaweza kuifanya ndani ya kompyuta ileile.

Mkishainunua, tundu la kompyuta ya majaribio lipitishe fremu zenye lebo. Tundu la kifaa cha kawaida lisitoe lebo, na namba yake ya PVID iwe ile ya VLAN yake. Wengi huisahau PVID, nayo ndiyo inayoliambia sanduku lililofika bila jina liende bweni gani.

Kisha jaribuni. Washeni seva ya kugawa anwani katika mtandao wa majaribio, halafu mzime na kuwasha simu ya mama. Ikipewa anwani ya majaribio, mitandao haijatengana. Rekebisheni kosa hilo hapo nyumbani, ambako halimnyimi mzee yeyote karatasi yake.