Likizo Yetu Iende Wapi

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wanajumuiya na wageni waalikwa katika sherehe za kumbukumbu ya kuanzishwa kwa hekalu letu, Dar es Salaam)



Tumepewa dakika kumi na tano, na tumeombwa tuzungumze Kiswahili ili majirani zetu wasikae hapa kama watu wanaosubiri chakula tu. Ombi hilo tumelipokea kwa furaha. Waliotutangulia wameeleza vizuri habari za jengo hili, michango ya wazee na ukarabati uliofanyika, nasi hatuna la kuongeza. Tumechagua jambo linaloonekana kuwa la starehe, yaani likizo. Tunaomba kila mwenye familia ahesabu kimyakimya: katika miaka kumi iliyopita tumewapeleka watoto wetu likizo nje ya nchi mara ngapi, na mara ngapi ndani ya nchi yao?

Sisi wafanyabiashara huzoea kuona hesabu ya mwenzetu bila kufungua daftari lake. Shule zikifungwa mwezi wa Desemba, mtu akipita mitaa ya Kisutu atadhani pametangazwa hatari. Karani ameachiwa funguo, milango ya juu imefungwa, na familia nzima iko Rajkot, Jamnagar au Ahmedabad, kwa kuwa huo ndio msimu wa harusi, na baadhi hubaki huko mpaka tarehe 14 Januari ili watoto warushe vishada siku ya Uttarayan. Ikifika likizo ya Juni, wenye ndugu Uingereza huenda Leicester na Wembley, na wasio na ndugu huko huenda Dubai, ambako hakuhitajiki ndugu, huhitajika fedha tu. Kwa familia nyingi tunazozifahamu, jibu la swali letu ni kumi kwa sifuri, au kumi kwa moja ikiwa tutaihesabu ile Jumapili ya kwenda kula samosa ufukweni.

Tusieleweke vibaya. Bibi mwenye dada yake Porbandar ana haki ya kumwona kabla macho hayajafumba. Anayekwenda hija Dwarka na Somnath anatimiza wajibu, na wajibu hauitwi matembezi. Harusi ina heshima yake, na matibabu hayana mjadala. Tunazungumzia safari zile ambazo, ukimuuliza baba mwenye nyumba kwa nini anakwenda, hujibu kwamba kila mtu anakwenda.

Haikuwa hivyo siku zote. Sisi tuliozaliwa karibu na mwaka wa Uhuru tulikulia katika likizo za namna nyingine. Safari ya India ilikuwa jambo la mara moja katika miaka mingi, tena kwa meli. Wakubwa wetu bado wanaikumbuka Karanja na siku zake za kichefuchefu baharini. Baadaye, hata mwenye nauli hakuweza kwenda atakavyo, kwani fedha za kigeni zilikuwa chini ya udhibiti, na mtu alilazimika kuziombea kibali. Mambo yalianza kulegea sawasawa baada ya sheria ya fedha za kigeni ya mwaka 1992. Kwa hiyo likizo yetu ilikuwa treni ya Reli ya Kati. Tulipanda jioni tukiwa na makopo ya thepla na achari, tukaamka tukiitazama nchi ikipita dirishani, na katika kila mji wenye stesheni palikuwa na duka la ndugu au la rafiki wa ndugu. Wenzetu shuleni walitucheka sana tuliposema tunakwenda Tabora kwa mama mwenye masharubu. Watuwie radhi, maana kwa Kigujarati mjomba huitwa mama, baba mdogo huitwa kaka, na babu mzaa baba huitwa dada. Mtoto wa Kigujarati anayejifunza Kiswahili huanza na familia iliyopinduliwa chini juu.

Safari zile hazikuwa za kifahari. Tulilala sakafuni wajukuu kumi, tukachota maji, tukasimama nyuma ya kaunta kupima sukari. Lakini tulirudi tukiwa tumeona miombo ya Unyamwezi, tumekula maembe ya Tabora, tumesikia Kiswahili kikisemwa kwa lafudhi nyingine, na tumefurahi. Neno hili la mwisho ndilo lililotuleta kwenye kipaza sauti leo.

Mtoto hafundishwi kwa maneno nchi yake ni ipi. Huangalia. Akiona kwamba hapa baba hufungua duka saa mbili asubuhi, hugombana na watu wa kodi na hulalamikia foleni na umeme, kisha familia nzima hucheka, hununua nguo mpya, hula nje na kupiga picha wakiwa Dubai au London tu, basi mtoto huyo huhitimisha mwenyewe, bila mtu kumwambia, kwamba hapa ni nchi ya kazi na kule ni nchi ya furaha. Akifika miaka kumi na minane tunampeleka Uingereza au Kanada kusoma. Anapomaliza, tunashangaa kwamba harudi. Kwa nini arudi? Kwa hesabu aliyoipata nyumbani kwetu tangu utotoni, kurudi ni kumaliza likizo.

Tazameni viti vya kamati yetu. Waliovikalia wengi wana mvi, na tunawashukuru. Lakini ni nani atakayevikalia baada ya miaka ishirini? Michango ya kulirekebisha jengo ilipatikana. Mtu wa kuja kulifagia na kuwasha taa hapatikani kwa mchango.

Mtoto mmoja wa ukoo wetu, mwenye miaka kumi na minne, alikwenda Leicester kwa binamu zake. Binamu wale walikuwa wamekuja Tanzania mwaka uliotangulia pamoja na shule yao, wakaenda Serengeti na Ngorongoro. Walimwonyesha picha za simba na kumuuliza kama zinafanana na alizopiga yeye. Hakuwa na hata moja. Mtoto wa Dar es Salaam alielezwa na watoto wa Leicester kwamba sakafu ya kreta ya Ngorongoro unaweza kuizunguka kwa gari siku moja ukawaona simba na faru. Alirudi kimya, na kwa siku kadhaa hakutaka kuzungumza na mtu.

Nasi wakubwa nchi hii tunaijua kwa njia ya ajabu kidogo. Tunaijua Sumbawanga kwa jina la mteja na idadi ya katoni. Tunajua Songea hununua mabati mwezi gani, na kwamba mteja wa Kasulu hulipa taratibu lakini hulipa. Tumeandika majina ya miji hiyo kwenye ankara maelfu ya mara. Tukiulizwa Songea ina milima au tambarare, tunamwita dereva wa lori atujibu.

Babu zetu wangeshangaa. Wao waliingia bara kwa miguu na kwa punda, wakafungua maduka mahali ambapo sisi leo tunasema ni mbali mno kwa watoto. Na kabla yao kuna historia ndefu zaidi, ambayo watoto wetu wanaweza kuigusa kwa mkono. Kilwa Kisiwani, ambako Ibn Battuta alifika mwaka 1331, ulikuwa mji uliopiga sarafu zake wenyewe, na miongoni mwa bidhaa zilizofika pwani hii zilikuwamo nguo na shanga kutoka Khambhat, bandari ya Gujarat. Tangu mwaka 1981 magofu yake pamoja na ya Songo Mnara yamo katika orodha ya Urithi wa Dunia. Ukivuka kwenda Kilwa Kivinje utaona nyumba za wafanyabiashara wa Kihindi zilizoachwa, nyingine kuta zake zimeshikwa na mizizi. Zanzibar utaona milango ya mbao ambayo mafundi wa huko huiita ya Kigujarati, na utasimuliwa habari za kampuni ya Jairam Shivji kutoka Kutch, iliyokodi ushuru wa forodha wa Sultani kwa miongo mingi ya karne ya 19. Bagamoyo, mwendo usiotimiza nusu siku kutoka hapa, utasikia jina la Sewa Haji Paroo, tajiri aliyetoa mali yake kwa ajili ya shule na hospitali, na ambaye jina lake lipo mpaka leo katika jengo la wodi Muhimbili. Mtoto wetu huambiwa mara nyingi na wenzake kwamba sisi ni watu wa kuja. Inafaa aende akaone tumekuja lini.

Tutaulizwa habari za gharama, na hapo tuko nyumbani kabisa. Familia ya watu watano inayokwenda India Desemba hununua tiketi wakati bei iko juu kuliko miezi yote, hulipia viza, hujaza mabegi ya kilo 23 kwa korosho na zawadi, na huko hununua nyingine za kurudi nazo. Shilingi hugeuzwa dola, dola hugeuzwa rupia, na kila mgeuzo una mtu anayekula katikati. Ndani ya nchi, raia hulipa kiingilio cha hifadhi kwa shilingi, na ni kidogo sana kikilinganishwa na anacholipa mgeni kwa dola. Na fedha inayolipwa Lushoto au Mikumi haipotei. Mwenye nyumba ya wageni atanunua shuka, balbu na rangi, na sote tunajua lori lake hupakia wapi. Mfanyabiashara anayewanyima wateja wake likizo yake, kisha analalamika kwamba mikoani hakuna mzunguko wa fedha, anachekesha.

Lipo tatizo ambalo hatutalificha. Hoteli nyingi karibu na hifadhi zimezoea mtalii, na ngozi zetu huwachanganya makarani. Kwenye hoteli moja ya kaskazini tulitajiwa bei kwa dola kabla hatujasalimiana. Mke wetu, ambaye ni mzaliwa wa Tanga, aliweka kitambulisho chake cha taifa juu ya meza na kuanza kuuliza, kwa Kiswahili cha kwao kisicho na haraka, kama bei hiyo ilikuwa ya chumba au ya hoteli yote. Karani alicheka, akamwita meneja, na bei ikatajwa upya kwa shilingi. Wajukuu wetu walisimama pale wakisikiliza. Hawakuwahi kumwona bibi yao akishinda hoja mahali pa wageni, kwani huko Wembley ni wao wanaomtafsiria.

La chakula ni jepesi kuliko linavyosemwa. Wali kwa maharage, ugali kwa mchicha, ndizi, viazi, matunda: nchi nzima hii hulisha asiyekula nyama, mradi aulize kwa adabu kilichomo katika sufuria. Wazee wasiotumia vitunguu wabebe jiko dogo, kama walivyofanya katika treni.

Na njia zimefupishwa. Tangu mwaka 2024 treni ya umeme huwafikisha watu Morogoro kwa muda usiozidi saa mbili, na Dodoma kwa saa nne au pungufu. Barabara kuu ya Iringa inakatiza katikati ya Hifadhi ya Mikumi, na twiga huonekana kutoka dirisha la basi bila kiingilio chochote. Mbele yake kidogo, Udzungwa, maporomoko ya Sanje yanaanguka mita 170. Kusini, tangu Daraja la Mkapa lifunguliwe mwaka 2003, hatukai tena kusubiri kivuko cha Rufiji.

Hatupendekezi familia yoyote iache kwenda nje. Tunapendekeza mzunguko wa miaka mitatu: mwaka mmoja India kwa ajili ya wazee na ndugu, mwaka mmoja popote moyo upendapo, na mwaka mmoja ndani ya nchi, tena likizo kamili ya siku kumi, yenye nguo mpya, picha na kula nje, wala si Jumapili ya samosa. Familia zenye uwezo wa likizo mbili kwa mwaka hazina kisingizio chochote.

Kwa kuanzia, kamati imetukubalia tupange safari ya Kilwa mwezi wa Juni, siku ya pili baada ya shule kufungwa. Basi ni moja. Watoto wenye umri wa miaka kumi hadi kumi na minane watapewa nafasi kwanza, kila mmoja na babu au bibi mmoja, na wazazi watafuata ikiwa viti vitabaki. Akina mama wamekwisha kugawana kazi ya thepla na chevdo. Majirani zetu wa mtaa wenye watoto wa umri huo nao wamekaribishwa kwa nauli ileile. Majina yaandikwe kwa katibu baada ya chakula cha leo. Wazee watakaoona shida kuingia kwenye boti ya kuvuka kwenda Kisiwani watatungoja Masoko, ambako kuna kivuli na upepo mzuri wa bahari.