Sura Iliyoachwa
Hotuba mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa, Makuyuni



Nimeombwa niseme machache juu ya utunzi. Nitatumia maandishi ambayo baadhi yenu mtayakunjia uso, maana yanahusu watu wanaopenda wa jinsia yao. Sheria za nchi yetu juu ya jambo hilo zinajulikana, na mimi ni mtumishi wa Serikali. Leo nazungumzia kazi ya kalamu, na hawa nitakaowataja wanaijua.

Binyavanga Wainaina, Mkenya wa Nakuru, alitoa kitabu cha maisha yake mwaka 2011. Januari 2014 akatoa kipande kifupi alichokiita sura iliyopotea ya kitabu kile. Humo yuko kando ya kitanda cha mama yake mgonjwa mahututi, anamwambia kwamba yeye hupenda wanaume. Haikuwa hivyo. Mama alifariki mwaka 2000, mwana yuko Afrika Kusini, hawakuwahi kuagana. Tazameni basi: ametunga lisilotokea ili aseme lililo kweli. Kwangu mimi, kurasa zile chache zina uzito kuliko kitabu kizima.

Monica Arac de Nyeko wa Uganda alipata Tuzo ya Caine mwaka 2007 kwa hadithi ya wasichana wawili, yenye jina la mti wa jambula, yaani mzambarau wetu huu huu. Msichana mmoja anazungumza na mwenzake kana kwamba anamwandikia barua. Wanuri Kahiu akaigeuza filamu, Rafiki, ya kwanza kutoka Kenya kuchaguliwa Cannes, mwaka 2018. Bodi ya filamu ya kwao ilitaka mwisho wenye matumaini ubadilishwe. Alikataa. Ikapigwa marufuku Aprili, na Septemba Mahakama Kuu ikairuhusu kwa siku saba.

Baada ya hayo nilijaribu kuandika habari za marehemu mjomba wangu, fundi cherehani. Hakuoa. Alikaa na rafiki yake chumba kimoja miaka mingi, na nyumbani hakuna aliyeuliza. Mara ya kwanza niliandika kama dokezo la jalada (ugonjwa wa ofisini huo). Mara ya pili nikamtetea, ikawa risala. Mara ya tatu nikaandika nilichokiona msibani tu: sisi ndugu tumekaa jamvini tukipokea pole, na yule rafiki yuko nje chini ya mwembe pamoja na wapita njia, ameshika tepu ya kupimia nguo ya marehemu, anaikunja na kuikunjua. Hakuna aliyempa pole. Sikuongeza neno.

Msidhani maisha ya karani hayaandikiki. Shaaban Robert, mzaliwa wa Tanga hii yetu, alikuwa karani wa Serikali, na akayaandika yake.

Zoezi langu ni hili: andikeni ukurasa mmoja juu ya mtu ambaye nyumbani kwenu hatajwi. Jina mlibadilishe. Si lazima mmwonyeshe mwalimu.