Darubini Kando ya Barabara

Ndugu wasikilizaji, jioni ya leo nataka tuzungumze juu ya watu ambao kazi yao, kama inafaa kuitwa kazi, ni kusimama kando ya barabara usiku na kumwomba kila apitaye atazame mwezi. Hawauzi kitu. Hawahubiri. Hawagombei udiwani. Wamebeba darubini, wameielekeza juu, na wanasema: njoo uone, ni bure.

Mtu wa mjini akiambiwa kitu ni bure, kwanza hushika mfuko wake. Wakazi wa San Francisco, huko Marekani, nao hawakuwa tofauti mwaka 1968, walipoanza kumkuta bwana mmoja amesimama kwenye njia panda ya mitaa ya Jackson na Broderick, na mbele yake dude refu mfano wa mzinga. Jina lake John Dobson. Yeye na vijana wawili walikuwa wameanzisha chama chao cha watazama nyota wa kando ya barabara. Chama hicho hakikuwa na jengo. Ukumbi wake ulikuwa barabara, na wageni wake walikuwa yeyote aliyekuwa anarudi nyumbani kwa miguu.

Habari za mtu huyu zinastahili kusimuliwa. Alizaliwa Beijing, China, mwaka 1915, na alipofika umri wa miaka 12 familia yake ikahamia San Francisco. Akasoma kemia katika Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, akahitimu mwaka 1943. Mwaka uliofuata akaacha mambo ya dunia akajiunga na nyumba ya watawa wafuatao mafundisho ya Vedanta, yenye asili ya India. Huko alikaa miaka 23.

Sasa mtawa hana mshahara, na Dobson alitaka kuona nyota. Darubini ya dukani ilikuwa haikamatiki. Basi akaanza kuokoteza. Alipata vioo vizito vya madirisha ya meli, yale ya mviringo, akavisugua mwenyewe kwa mkono hadi vikawa vioo vya darubini. Usiku alitoka nje ya ukuta wa nyumba ya watawa, anasukuma darubini yake mitaani, anawaonyesha majirani na watoto wao. Hakuwa na ruhusa kamili ya kufanya hivyo. Barua zake kwa rafiki zake aliziandika kwa mafumbo: darubini aliiita ua la jerania. Jerania iliyokwisha pandwa kwenye chungu ilikuwa darubini iliyokwisha wekwa ndani ya bomba na sanduku lake. Jerania iliyochanua, kioo kimekwisha pakwa alumini.

Mafumbo hayakumsaidia sana. Kutoonekana kwake mara kwa mara kulimkosanisha na wakuu wake, na mwaka 1967 akaambiwa aondoke. Fikirini, ndugu wasikilizaji: mtu amekwisha vuka miaka 50, hana kazi, hana nyumba, hana akiba, na ujuzi alio nao mkononi ni kusugua vioo. Wengi wetu tungetafuta kwanza kibarua. Yeye mwaka uliofuata alikuwa kwenye njia panda ile na darubini yake.

Nitaeleza kidogo jinsi kifaa hicho kinavyotengenezwa, maana wapo mafundi wanaonisikiliza. Unachukua vioo viwili vya mviringo, vinene, vya ukubwa mmoja. Kimoja unakilaza mezani, cha pili unakiweka juu yake, na katikati unatia unga mkali wa kusagia pamoja na maji. Kisha unasukuma cha juu mbele na nyuma, huku unakizungusha na wewe mwenyewe unaizunguka meza. Kwa desturi ya maumbile, kioo cha juu huanza kubonyea katikati kama kisosi, na cha chini hutuna. Unabadilisha unga, kutoka wa chembe kubwa hadi laini zaidi na zaidi, halafu unang'arisha juu ya lami. Kazi ya majuma kadhaa. Mwisho wake, uso wa kioo kile hautakiwi kukosea hata kwa sehemu moja ya elfu kumi ya milimita. Usistaajabu kwamba mkono wa binadamu unaweza. Kinachofanya kazi si ustadi bali subira, kwa kuwa vioo viwili vikisuguana kwa muda mrefu huwa vinasahihishana vyenyewe.

Kioo hicho hukaa chini ya bomba refu. Mwanga wa nyota huingia kwa juu, hugonga kioo, hurudi ukiwa umekusanywa, na kioo kidogo bapa kilicholazwa upande huutupa ubavuni mwa bomba, pale unapoweka jicho. Ni Isaac Newton aliyeunda darubini ya namna hiyo, mwaka 1668. Alichoongeza Dobson ni sanduku. Wapenzi wa nyota wa siku zake walisimamisha darubini zao juu ya vyuma vizito vya bei ghali, vyenye mihimili na magurudumu ya meno. Yeye akatumia mbao za plaiwudi na bomba la karatasi ngumu, lile ambalo wajenzi humwagia zege za nguzo. Sanduku linazunguka kushoto na kulia, bomba linapanda na kushuka, basi. Mtoto anaweza kulisukuma kwa kidole. Na kwa vile sanduku ni rahisi, fedha yote huenda kwenye kioo, ambacho ndicho kinachoona. Hivi leo makampuni ya nchi mbalimbali yanatengeneza darubini za namna hiyo na kuziita kwa jina lake. Yeye hakudai hati miliki wala hakutajirika kwa senti moja.

Sitaki kumfanya malaika. Dobson alikuwa mbishi. Hadi alipofariki, Januari 2014, akiwa na miaka 98, aliwakatalia wanasayansi kwamba ulimwengu ulianza kwa mlipuko mmoja mkuu, ingawa ushahidi uliopatikana ulizidi kuwaunga mkono wao. Kwa hilo sina haja ya kumtetea. Lakini hakuwa anamlazimisha mtu kumsadiki. Alimwambia mtu weka jicho hapa, kisha akanyamaza.

Kikundi chake kilizidi kukua, kikapakia darubini kwenye magari na kwenda hadi kwenye hifadhi kubwa za taifa za Marekani, ambako giza ni la kweli. Husimuliwa kwamba askari mmoja wa hifadhi alimpinga, akimwambia kwamba mbingu si sehemu ya hifadhi. Dobson akamjibu kwamba hifadhi ndiyo sehemu ya mbingu.

Hapa nitakuwa na neno na vyama vya namna hii kwa ujumla, maana vipo katika nchi nyingi na vingine vina miaka mingi. Vingi vinaanza vizuri kisha vinajifungia. Wanachama wanakutana ukumbini, wanalinganisha lenzi, wanasomeana mada, wanachaguana katibu na mhazini. Si vibaya. Lakini mtoto wa mwuza mkaa aliyesimama nje ya ukumbi huo hatajua kamwe kwamba sayari ya Mshtarii ina miezi minne inayoonekana kwa darubini ndogo tu, na kwamba akija kesho ataikuta imebadilisha nafasi. Galileo aliiona Januari 1610, na ikautikisa ulimwengu wa wasomi. Na miezi mitano kabla ya hapo, Agosti 1609, Galileo huyohuyo alikuwa amewapandisha wakubwa wa Venice juu ya mnara wa kanisa la Mtakatifu Marko ili watazame kwa darubini yake. Alianza na wakubwa, ndiyo, lakini alijua kwamba kuona kwa macho hakuna mbadala.

Kisingizio kinachosikika ni kwamba mjini taa ni nyingi. Ni kweli taa zimetunyima Njia ya Maziwa. Mtoto aliyezaliwa Kariakoo au Eastleigh pengine haijui mpaka umeme ukatike mtaa mzima. Lakini mwezi hauogopi taa. Wala Mshtarii, wala Zohali na pete zake, wala Zuhura. Ndiyo sababu njia panda ya San Francisco ilitosha. Wanaofanya kazi hii husema watu wakiona Zohali kwa mara ya kwanza wapo wanaozunguka hadi kwenye mdomo wa darubini kukagua, wakidhani kuna picha imebandikwa ndani.

Na sisi huku si wageni wa mambo hayo. Neno kilimia, ambalo ni jina la kile kifungu cha nyota ndogo, limetokana na kulima, kwa sababu wakulima walihesabia nyakati zao kwacho. Kilimia huzama pamoja na jua mnamo mwezi Mei, kikapotea kwa majuma kadhaa, kisha kikaonekana tena alfajiri upande wa mashariki mwezi Juni. Manahodha wa majahazi nao walikuwa na shule yao. Nyota ya Kaskazini haionekani Unguja, maana tuko kusini mwa ikweta. Lakini jahazi likipanda na kusi kuelekea Arabuni, likishavuka ikweta, nyota ile hutokeza chini kabisa ukingoni, na kila siku hupanda kidogo. Kimo chake juu ya bahari ndicho kipimo cha umbali wenu kutoka ikweta. Ukifika Maskati iko kama nyuzi 23 na nusu. Nahodha aliyepima kwa vidole vya mkono ulionyooshwa alikuwa anafanya hesabu ileile inayofanywa vyuoni.

Tulichopoteza ni mazoea ya kutazama. Ukimwambia mtu leo kwamba unashughulika na nyota, swali la pili atakuuliza nyota yake yeye inasemaje juu ya ndoa. Falaki na utabiri zimechanganywa chungu kimoja. Na sisi wa redio tunajua jinsi simu zinavyolia jioni ya siku ya 29 ya mwezi wa Shaaban, watu wakiuliza mwezi umeonekana wapi. Namna ya kuukubali mwezi ni hukumu ya masheikh, siingii humo. Ila wangapi kati ya wanaopiga simu hizo wametoka kwanza nje kutazama magharibi?

Dalili njema zipo. Nchini Kenya, Susan Murabana na mumewe walianzisha mwaka 2014 mradi waliouita darubini isafiriyo, wakawa wanaipeleka shuleni pamoja na hema la kupuliza ambalo ndani yake huonyeshwa anga. Na kwetu Tanzania, tarehe 1 Septemba 2016, watu walimiminika Rujewa, wilayani Mbarali, kuona jua likipatwa na kubaki pete ya moto. Walikuwapo wanafunzi, wakulima, na watalii waliotoka mbali. Siku ile Rujewa, mji ambao wengi wetu tunaupita tu kwa basi, ulikuwa na elimu ambayo Dar es Salaam ilipata nusunusu, kwa maana huku jua lilimegwa tu.

Nawakumbusha habari hiyo kwa sababu maalumu. Tarehe 2 Agosti 2027, siku ya Jumatatu, jua litapatwa tena. Kivuli kamili kitapita kusini mwa Hispania, Afrika ya Kaskazini, kitaipita Luxor nchini Misri ambako giza litadumu zaidi ya dakika sita, kivuke hadi Jeddah na Makka, Yemen na pembe ya Somalia. Sisi wa Afrika Mashariki tutaliona limemegwa, mchana. Na hapo ndipo chama cha wapenzi wa nyota, kama kipo karibu nawe, kitakapopimwa: kama kitakuwa kimekwisha tembelea shule au kitakuwa bado kinachagua mhazini.

Maana kuna hatari. Jua lililomegwa huchoma jicho kama jua zima, na pazia la ndani la jicho halina maumivu. Mtu haungui akasikia, anajua kesho yake asubuhi anapoona doa jeusi katikati ya kila kitu. Kioo kilichofukizwa moshi hakitoshi. Picha ya eksirei haitoshi. Miwani ya jua ya kawaida, hata ikipangwa miwili, haitoshi. Beseni la maji, ambalo wazee wetu walilitumia, bado hurudisha mwanga wa kudhuru. Darubini isiyokuwa na kichujio maalumu mbele, mdomoni mwake, ndiyo mbaya kuliko vyote. Jicho linakwenda kwa mara moja.

Kinachofaa ni miwani maalumu ya kutazamia jua, isiyo na mkwaruzo wala tundu, au kioo cha wachomeleaji vyuma cha namba 14. Na asiye na senti tano achukue kipande cha boksi, atoboe tundu dogo kwa sindano, alipe jua mgongo, na aache mwanga upite tunduni uangukie karatasi nyeupe. Ataona jua dogo limemegwa. Au akae chini ya mwembe na kutazama ardhi: kila upenyo kati ya majani utakuwa umetupa kijua chake chenye umbo la hilali, mamia kwa mamia, yakitikisika upepo ukipita. Walimu wanaonisikiliza waanze mapema. Wakati huo shule nyingine zitakuwa likizo, na watoto watakuwa mitaani bila wa kuwaambia.

Hadi juma lijalo wakati kama huu, jioni njema.