Usidharau Kazi ya Mawingu



Juma lililopita alinijia binti wa jirani yangu, uso umemwinama. Amehangaika mwaka mzima na cheti chake cha uandishi wa habari, hatimaye kituo kimoja cha televisheni kimemwajiri. Nilidhani amekuja na habari njema. Kumbe anataka kuacha kazi! "Mjomba," akasema, "wamenipa hali ya hewa. Nimesoma miaka yote hiyo ili nije kusema kesho kutakuwa na mawingu?"

Sikumcheka. Mimi mwenyewe nilipoanza redioni nilipewa kusoma matangazo ya vifo, nikaona nimeonewa. Nikawa nayasoma mbiombio ili niondoke. Siku moja mzee mmoja alinisubiri mlangoni. Hakunigombeza. Alisema tu kwamba hakuwahi kumzika dada yake, kwa sababu jina la kijiji nililitaja kwa haraka asilisikie. Tangu siku hiyo sijasoma tena jambo lolote kwa pupa.

Nikamsimulia binti yule habari za Diane Sawyer wa Marekani. Mwaka 1967, alipomaliza chuo, alirudi kwao Louisville, jimbo la Kentucky, akaajiriwa na kituo cha televisheni cha mji ule. Kazi yake? Kutangaza hali ya hewa! Baadaye mwenyewe alikiri kwamba hakuwa hodari. Lakini hapo ndipo alipojifunza kusimama mbele ya kamera, na hapo hapo akapanda kuwa mwandishi wa habari.

Mwaka 1970 alikwenda Washington, akafanya kazi katika ofisi ya habari ya Rais Nixon. Nixon alipojiuzulu mwaka 1974, bibi huyu alimfuata California kumsaidia kuandika kumbukumbu zake. Kwa hiyo alipoingia shirika la CBS mwaka 1978, wako waandishi waliomtazama kwa jicho la shaka: huyu si alikuwa mtu wa Nixon? Ikambidi aanze upya. Mwaka 1979, ilipotokea ajali ya mtambo wa nyuklia wa Three Mile Island, alikuwa miongoni mwa waliopelekwa huko kuripoti. Mwaka 1984 akawa mwanamke wa kwanza kuwa mwandishi wa kipindi cha "60 Minutes". Tangu Desemba 2009 hadi Agosti 2014 ndiye aliyesoma taarifa kuu ya habari ya jioni ya shirika la ABC.

Sikumsimulia hayo ili aione hali ya hewa kuwa ngazi ya kukanyaga tu na kuiacha. La hasha! Mwezi Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipoikaribia Mafia, Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitoa tahadhari, na boti za Dar es Salaam na Zanzibar zikasimamishwa. Siku zile mtangazaji wa mawingu alikuwa na habari kubwa kuliko mheshimiwa yeyote. Mvuvi aliyemsikia vizuri alivuta ngalawa yake pwani. Ambaye hakusikia, je?

Na sisi watazamaji tunalo kosa. Habari za michezo zikiisha, tunainuka kwenda kufunga milango. Mwezi wa nne maji yakiingia sebuleni, tunauliza mbona hatukuambiwa!

Binti yule aliondoka bila kunipa jibu. Juzi jioni nikafungua televisheni, nikamwona. Alitaja upepo wa kusi, akataja urefu wa mawimbi. Kisha akatua kidogo, akawaambia wavuvi wa vyombo vidogo, polepole, neno kwa neno, wasitoke kesho yake.

Safari hii sikuinuka kwenda kufunga mlango.

Kwa leo naishia hapa. Tuonane juma lijalo, Mungu akipenda.